Linux ndani ya Windows: somo la uakifishaji

Mwanafunzi wa lugha akisikia neno bioinformatiki hudhani halimhusu. Lakini jenomu pia ni matini. Huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, na kazi ya kwanza ya bioinformatiki ni kuisoma na kuilinganisha na nyingine. Jenomu ya kirusi cha Ebola ina herufi karibu 19,000. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, ulioanzia Kivu Kaskazini ukafika hata Bunia, watafiti wa INRB walilinganisha matini za namna hiyo ili kujua mgonjwa mpya ameambukizwa katika mnyororo upi. Mlipuko huo uliwapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walifariki. Nyingi za jenomu zake zinapatikana bure katika hazina ya GenBank. Mwanafunzi wa hapa anaweza kuzisoma mwenyewe.

Kinachomzuia ni programu. BLAST, MAFFT na SAMtools hutumiwa zaidi katika Linux, na kompyuta nyingi tulizo nazo ni za Windows. Somo hili linaonyesha namna ya kuvuka. Litaonyesha pia kwamba makosa mengi ya anayeanza si ya bayolojia, bali ya tahajia na uakifishaji.

1. Kufungua mlango

Tangu 2016, Microsoft imeweka ndani ya Windows njia ya kuendesha Linux, iitwayo WSL. Katika Windows 11, au Windows 10 iliyosasishwa, fungua PowerShell kama msimamizi, kisha andika:

wsl --install

Zima kompyuta na uiwashe tena. Ubuntu itakuomba jina na nywila. Unapoandika nywila hutaona kitu kwenye kioo. Endelea tu kuandika. Halafu:

sudo apt update
sudo apt install mafft samtools ncbi-blast+ dos2unix

Hapa ndipo mega zinapoliwa. Lakini hulipi mara mbili: zikishawekwa, programu hizi hufanya kazi bila intaneti.

2. Amri ni sentensi

Tazama amri hii:

grep -c ">" ebola.fasta

Neno grep ni kitenzi: tafuta. Kile -c kinafanya kazi kama kiambishi. Kama -esh- inavyogeuza «soma» kuwa «somesha», -c inageuza «tafuta» kuwa «hesabu mistari uliyoipata». Alama > ndiyo inayotafutwa, na ebola.fasta ni faili la kutafutia. Katika faili la FASTA, kila jenomu hutanguliwa na mstari wa jina unaoanza kwa alama hiyo. Kwa hiyo sentensi nzima inauliza: faili hili lina jenomu ngapi?

3. Alama zinazoharibu kazi

Sasa ondoa alama za nukuu:

grep -c > ebola.fasta

Usiijaribu kwenye faili unalolipenda. Nje ya nukuu, > si kitu cha kutafutwa tena, bali ni agizo: «andika jibu katika faili hili». Linux hufuta kwanza yaliyomo, bila kukuuliza na bila kuyaweka kwenye pipa la taka. Kama hiyo ndiyo nakala pekee, kazi ya maabara imekwenda. Kwa hiyo anza siku zote kwa kunakili:

cp ebola.fasta nakala.fasta

Usiandike amri katika Word. Word ya Kifaransa hugeuza nukuu zilizonyooka kuwa « », na Linux haizitambui kama nukuu. Utasubiri jibu usilione.

Kuna na alama zisizoonekana. Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili za siri, Linux kwa moja. Ile ya ziada hushikamana na neno la mwisho, na jina Bunia01 linakuwa jina jingine kwa kompyuta ingawa jicho linaona lile lile. Dawa yake:

dos2unix majina.txt

Mwisho, angalia tahajia ya majina. Ndani ya Linux, Ebola.fasta na ebola.fasta ni mafaili mawili. Jina lenye nafasi, kama data za Bunia.fasta, husomwa kama maneno matatu, andika data_za_Bunia.fasta. Mkwaju nao hugeuka: diski ya C:\ ya Windows huitwa /mnt/c/ ukiwa Linux.

Zoezi

Alama | hupeleka jibu la amri moja kwa amri inayofuata. Kwenye kibodi ya AZERTY, bonyeza AltGr pamoja na 6.

a) Amri cat husoma mafaili na kuyaunganisha. Tafsiri kwa Kiswahili sanifu, kwa sentensi moja:

cat *.fasta | grep -c ">"

b) Katika amri ifuatayo, -v ni kikanushi, na wc -m huhesabu alama zote:

grep -v ">" ebola.fasta | wc -m

Faili lina jenomu moja, lakini idadi unayopata inazidi idadi ya herufi zake. Eleza kwa nini. Jibu limo katika sehemu ya 3.