Damu Itakupa Pa Kufikia Tu

Wadogo zangu, sogeeni tuongee taratibu. Barua zenu za siku hizi zinafanana mno, basi nazijibu kwa pamoja. Mmoja yuko Minnesota, mwingine Leeds, mwingine Muscat. Baba alitoka Dutwa, au bibi alizaliwa Maswa, na wewe ukazaliwa na kukulia ugenini. Sasa umekomaa, una kazi yako na akiba kidogo, na moyo umeanza kukusumbua. "Dada, nataka kwenda kuishi Bariadi, nifanye kazi kwetu." Halafu wengi mnamalizia kwa aibu, mkiuliza kama mmeanza kuchanganyikiwa.

Hujachanganyikiwa, mdogo wangu. Kuitamani nchi ya babu yako si ugonjwa, na asikucheke mtu. Ninachokuomba ni kimoja tu: usichanganye damu na karatasi, wala karatasi na mazoea. Ukoo unaweza kukukumbatia leo hii huku serikali ikikuhesabu mgeni. Unaweza pia kupata kila muhuri wa serikali na bado ukoo ukakutazama kwa mbali, ukisubiri kuona wewe ni mtu wa namna gani. Wengi wanaoumia ni wale waliodhani kimoja kinaleta kingine.

Nianze na karatasi, maana ndizo mnazozikwepa. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kama ulikuwa Mtanzania ukaapa kuwa Mmarekani ukiwa mtu mzima, kwa Sheria ya Uraia ya 1995 ule wa kwanza umeupoteza, hata kama pasipoti ya zamani bado iko kabatini. Najua inauma. Nimesoma barua zenye machozi kuhusu jambo hili. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kufungua njia ya Hadhi Maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Ni hatua njema na nimeifurahia, lakini hadhi si uraia, na masharti yake uyaulize Uhamiaji wenyewe kabla hujakata tiketi. Usiyaulize kwa binamu ambaye naye amesimuliwa.

Kama huna hadhi hiyo, basi wewe ni mgeni anayehitaji kibali cha kuishi na kibali cha kazi, kama mgeni mwingine yeyote. Daraja A ni la mwekezaji au aliyejiajiri, daraja B la mwajiriwa, daraja C ni la wengine, kama mtafiti au anayejitolea. Muuguzi asidhani cheti cha Uingereza kitamtosha kuingia wodini katika hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bariadi. Atapita kwanza Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhandisi ana bodi yake, daktari ana baraza lake, na shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Hayo huchukua miezi, na miezi hiyo unakula na kulala. Iwekee fedha.

Na wewe unayeota kufungua duka la rejareja, saluni, au kwenda mashambani kununua choroko na dengu kwa wakulima, tulia unisikilize. Amri ya serikali ya Julai 2025 imewakataza wasio raia biashara 15, na kununua mazao shambani imo, duka la rejareja limo, uwakala wa fedha kwa simu umo. Jina lako la Kisukuma halitakuokoa mbele ya afisa biashara, na usimkubalie shemeji anayesema, "Tutaandika jina langu tu, mambo yatakwenda." Yatakwenda mpaka siku mtakapogombana. Siku hiyo mali ni yake, na wewe utabaki na kosa.

Kuna jambo dogo la karatasi ambalo huwatesa bure. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni kijana, ulianzishwa 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa Magu, mkoa wa Mwanza. Itilima nayo ilimegwa kutoka Bariadi. Kwa hiyo ukitafuta kumbukumbu za kuzaliwa za mzazi wako, usishtuke ukikuta Shinyanga, wala usimbishie bibi anaposema yeye ni wa Shinyanga. Yuko sahihi.

Sasa ardhi. Hapa ndipo nitakapokukaripia kidogo, uvumilie.

Wengi mnaniambia, "Babu aliacha shamba kubwa, langu lipo." Mdogo wangu, shamba la babu halikukaa likikusubiri. Limelimwa pamba na mahindi na watoto wa wale waliobaki, waliomuuguza babu na kumzika. Wamekaa nalo katika miaka ya njaa, mvua ilipokataa, na miaka ambayo tembo walitoka upande wa Serengeti wakavuruga kila kitu kwa usiku mmoja. Ukifika na maneno ya "changu", hata kama una haki, umeanza kwa kuwatukana. Nyamaza kwanza. Tembea nao shambani, uonyeshwe mipaka, ujue nani analima wapi na kwa nini. Ukikaa nao vizuri, wazee wenyewe ndio watakaolianzisha neno.

Na wakilianzisha, bado kuna sheria. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ugawaji wake hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Asiye raia hapewi hakimiliki ya kimila. Kikaratasi cha daftari chenye saini ya mjumbe na mashahidi wawili, ulichotumiwa picha yake kwenye simu baada ya kulipa milioni kadhaa, si hati. Nakuomba kwa upendo, usinunue ardhi ukiwa mbali. Usinunue hata ukiwa karibu, kama hujaingia ofisi ya kijiji na ya halmashauri kwa miguu yako.

Ninyi wasichana, msikilize zaidi. Mtaambiwa kwamba mtoto wa kike harithi ardhi, ataolewa, atapata kwa mume. Mtaambiwa na watu wanaowapenda kweli, kwa sababu ndivyo walivyokuta. Lakini sheria hiyo hiyo ya 1999 inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kuwa na ardhi ya kijiji au kuitumia. Na wako wajane wawili kutoka Shinyanga walionyimwa urithi kwa sheria za kimila za 1963. Walianzia mahakamani nyumbani, wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema walionewa. Sikwambii ukafungue kesi wiki ya kwanza, hasha. Nakwambia ujue, ili mtu asikufanye ujione mchoyo kwa kudai kinachostahili.

Halafu fedha. Eh, fedha! Barua za kuchoma moyo karibu zote zinapitia hapa. Umetuma fedha za kujenga nyumba Bariadi mjini kwa miaka, umetumiwa picha za msingi, picha za tofali, picha za bati. Umefika, nyumba ni ya picha. Unalia, unamlaani mjomba, unataka kurudi ulikotoka kwa ndege inayofuata. Pole sana. Lakini hebu tuseme ukweli wote: mjomba uliyemtumia hakuwa fundi wala mhasibu. Alikuwa na mtoto wa kulipiwa ada na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Bugando. Fedha ilipita mikononi mwake bila mkataba, bila stakabadhi, bila mtu wa kuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walikwishasema. Ukitaka kusaidia, saidia, na uihesabu kuwa imekwenda. Ukitaka kujenga, andikiana na fundi, lipa kwa hatua, na usianze kabla hujapata mahali pa kulala jirani na kiwanja. Usiviweke vitu hivyo viwili mfuko mmoja, utapoteza fedha na utampoteza mjomba.

Na ukishakaa pale, kuombwa hakutakwisha. Usikasirike haraka. Pamba ndiyo roho ya mkoa ule, na bei yake haina urafiki na mtu: msimu wa 2022 kilo ilipita shilingi 1,500, mwaka uliofuata ikaanguka hadi elfu moja na kidogo. Anayekuomba mwezi wa Februari ni mtu aliyekwishatumia fedha za Julai na hajui msimu ujao utamletea nini. Wewe una mshahara, kwa macho yake una mto usiokauka. Mwambie ukweli mapema, kwa sauti ya chini na heshima: uwezo wangu ni huu, naweza kusomesha mtoto mmoja, siwezi kusomesha ukoo. Watanung'unika. Watazoea. Atakayekuumiza zaidi ni wewe mwenyewe, ukiahidi kwa kuona haya kisha ukaanza kujificha.

Nafsi yako nayo, mdogo wangu. Ukiwa ng'ambo ulikuwa Mwafrika, mtoto wa watu wa kuja. Unafika Bariadi ukitegemea kupumua, na watoto wa jirani wanakuita mzungu kwa sababu ya unavyotembea na unavyotamka. Usiku huo unalala ukiwa huna kwenu popote. Dada yako anajua uzito wake, wala sitakudanganya kwamba unapita kwa wiki mbili. Lakini si wewe wa kwanza. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970 akawaita Waomani waliotawanyika, wengi waliokuwa na asili ya huko walitoka upande wetu, wengine wakiwa wameikimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Walikwenda na elimu, na nchi iliwahitaji. Hata hivyo Kiarabu cha wengi kilikuwa cha kubabaisha, wakawa Wazanzibari katika nchi ya babu zao. Mpaka leo ziko nyumba Muscat ambako jikoni kinasemwa Kiswahili.

Au watazame Wazigua wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa watumwa karne ya 19 na wakaishia bonde la Juba. Vita vya 1991 vilipowatimua, baadhi yao walikuja Tanzania, na Kizigua kilikuwa bado midomoni mwao baada ya miaka yote hiyo. Wazigua wenyeji wa Handeni waliwasikia wakaelewana nao. Lakini waliishi miaka mingi kama wakimbizi, hadi walipokuwa katika makazi ya wakimbizi ya Chogo, ndipo wakaanza kupewa uraia. Kama wao walisubiri, na lugha walikuwa nayo, wewe unayejua salamu mbili za Kisukuma usitake kila kitu ifikapo Krismasi.

Hizo salamu mbili nazo usizidharau. Asubuhi usipite mbele ya mzee kimya na spika za masikioni; simama, msalimie, ungoje akuulize za nyumbani, na umjibu. Kula unachopewa, michembe ya viazi vitamu na ugali wa mtama, bila kueleza mbele ya watu kwamba tumbo lako halijazoea. Anayeniuliza namna ya kukubalika nashangaa anapotaka jibu refu. Nenda msibani, ukae chini na wenzako, osha vyombo, chota maji. Mazishi mawili matatu yatakufanyia kazi ambayo zawadi za sanduku zima haziwezi.

Na lala ndani ya neti! Mnaniudhi sana kwa hili. Mtu aliyekulia nchi zisizo na malaria mwili wake haujajenga kinga, atalazwa kwa homa ambayo binamu yake ameipita kwa siku mbili. Asili haimzuii mbu.

Sasa wewe uliyeniuliza lini uje kwa mara ya kwanza, kabla hujaacha kazi wala kuuza chochote. Usije Desemba. Desemba kila mtu amerudi, kuna nyama, kuna muziki, kila shangazi anacheka, na hutajifunza kitu. Njoo Februari au Machi. Wakati huo pamba inapaliliwa, ghala limepungua, watu wamechoka na mvua huenda imegoma. Kaa mwezi mzima katika nyumba ya ndugu, amka wanapoamka, shika jembe hata kama mikono itachubuka, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiupenda mji ule katika mwezi huo, niandikie tena, tutazungumza habari za kuhama.

Ukishuka Mwanza, shika barabara ya Magu hadi Lamadi, hapo ndipo magari ya Bariadi yanapokata kuliacha ziwa. Kabla hujaondoka muulize baba yako, leo hii, maadamu yupo: jina la babu mzaa baba, jina la baba yake, ukoo, na kijiji walichozikwa. Yaandike yote, kwa sababu hayo ndiyo atakayokuuliza mzee wa kwanza utakayemsalimia.