Virusi vya Papiloma na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Chunjua ziotazo vidoleni mwa watoto hukaa miezi kadhaa, kisha mara nyingi hutoweka zenyewe. Chanzo chake ni virusi viitwavyo papiloma, ambavyo huishi katika ngozi na katika utando laini wa ndani ya mwili. Aina zake zilizokwisha kutambuliwa zinazidi 200, na nyingi hazina madhara makubwa. Makala haya yanahusu aina chache zenye tabia nyingine, hasa zile zilizopewa namba 16 na 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani.

Mnamo mwaka 1842 tabibu wa Kiitalia, Domenico Rigoni-Stern, alichunguza kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona, akaona kuwa saratani ya kizazi ilikuwa nadra kwa watawa kuliko kwa wake wa ndoa. Ilidhaniwa basi kwamba ugonjwa una uhusiano na kujamiiana, lakini kisababishi hakikujulikana. Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wengi walivishuku virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Mjerumani Harald zur Hausen hakuridhika, kwa kuwa alivitafuta ndani ya uvimbe wa saratani asivipate. Mwaka 1983 yeye na wenzake walitangaza kuwa wamegundua papiloma namba 16 katika uvimbe huo, na mwaka uliofuata namba 18.

Walizipima pia seli zilizochukuliwa mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, kutoka kwa mama mgonjwa, Henrietta Lacks, pasipo ridhaa yake. Seli hizo zimekuwa zikikuzwa katika maabara za dunia nzima tangu wakati huo. Ndani yake mlikuwamo jeni za namba 18! Kwa miaka 30 na zaidi wanasayansi walikuwa wameshika jibu mikononi. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi huingia kupitia michubuko midogo isiyohisiwa. Aghalabu kinga ya mwili huvifukuza katika muda wa miaka miwili. Vikidumu, yaweza kutokea kwamba jeni zake zinakatika na kujipachika katika jeni za seli yenyewe. Hapo protini mbili za virusi hutengenezwa bila kizuizi. Moja, E6, huangamiza protini ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika. Nyingine, E7, huilemaza ile inayozuia seli kugawanyika ovyo. Seli imepoteza mlinzi na breki pia.

Hata hivyo haiwi saratani siku hiyo. Huchukua miaka 15 hadi 20, au miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Muda huo wote mwanamke hahisi maumivu, na anayengoja kuona damu amekwisha kuchelewa. Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa baridi kali au kwa joto.

Koo halina kipimo cha namna hiyo. Namba 16 huzusha saratani pia katika mafindofindo na shina la ulimi, zaidi kwa wanaume, ingawa tumbaku na pombe nazo ni visababishi vikubwa. Huko Marekani wagonjwa wa namna hii wameongezeka sana.

Chanjo ilianza kutolewa mwaka 2006. Imetengenezwa kwa ganda tupu la virusi lisilo na jeni, hivyo haiwezi kuambukiza. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018. Uvumi kwamba chanjo hufunga uzazi hauna msingi. Kinachofunga uzazi ni tiba ya saratani yenyewe, yaani kuondolewa kizazi au kuchomwa kwa mionzi. Nchini Sweden, wanawake waliochanjwa kabla ya umri wa miaka 17 walionekana, katika utafiti wa mwaka 2020, kuwa na upungufu wa asilimia 88 wa ugonjwa huu.

Lakini chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Ndiyo sababu hutolewa kabla msichana hajaanza kujamiiana, na mama anayempeleka binti yake kuchanjwa bado anahitaji kupimwa yeye mwenyewe.