Probox Ikilala Nyuma: Springi, Kimo na Mzigo

Simama kando ya barabara ya Kericho kwenda Litein siku ya kusambaza mbolea, uzitazame Probox zinavyopita: pua juu, makalio chini, taa kubwa zikimulika vilele vya miti. Wenye gari wengi wakifika kwa fundi husema shokabsoba zimekwisha. Huenda zimekwisha kweli, lakini siyo zilizolilaza gari. Uzito hubebwa na springi. Shokabsoba huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ukibadilisha shokabsoba peke yake utatoka gereji gari likiwa limelala vilevile.

Anza na tepu ya kupimia. Gari liwe tupu, tairi zote ziwe na upepo unaotakiwa, na mahali pawe tambarare. Katika vilima hivi kutafuta mahali hapo ni kazi kamili; sakafu ya kituo cha petroli huwa afadhali. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, magurudumu yote manne, uandike. Ukipima kutoka ardhini, tairi iliyolika itakudanganya. Upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, chungulia chini kwa tochi. Mara nyingi utakuta springi imekatika mzunguko wa mwisho, pale inapokalia. Tope jekundu hujaa hapo na kushika maji, na mvua ya huku haitoi nafasi ya kukauka. Rangi ikibanduka, kutu huingia. Wanaobeba mbolea wana adha ya ziada, kwa kuwa chembe za NPK hunyonya unyevu na kula chuma. Ukishusha mifuko, osha gari chini, usiishie kufagia ndani.

Kabla ya kununua chochote, jiulize unabeba nini. Probox ya mizigo iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002 ilipangiwa takribani kilo 400, watu wawili wakiwa ndani. Mfuko wa mbolea una kilo 50, kwa hiyo wa nane umefunga hesabu. Ukibeba zaidi ya hapo kila wiki, springi mpya zitalala kama za zamani, na breki hazitakuwa zimeongezeka nguvu hata kidogo. Wazee wanaokumbuka matatu za Peugeot 504 zenye bodi ndefu watakwambia zilivyostahimili. Wengi hawakujua kwamba nyuma zilikuwa na springi nne za mzunguko, mbili kila upande. Probox hii ina mbili tu.

Springi hununuliwa jozi. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litaegemea ule wa zamani. Za mtumba kutoka Japani si mbaya, ila zisimamishe mbili pamoja mezani: urefu, unene wa waya, idadi ya mizunguko na alama za rangi vilingane.

Kwenye Probox hiyo ya kwanza kazi si ngumu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, legeza nati za nyuma, inua, kisha bodi ikae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka. Jeki ya pili ishike ekseli. Fungua bolti za chini za shokabsoba na ile ya fimbo ya mlalo inayozuia ekseli isiende kando, halafu shusha ekseli taratibu ukitazama paipu za breki na kebo ya breki ya mkono zisivutike. Springi ikilegea itatoka kwa mkono. Safisha kikalio, badilisha raba iliyooza, na ncha ya springi mpya iingie kwenye ngazi yake.

Sasa jambo ambalo mafundi wa haraka huliruka. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba zisikazwe moja kwa moja ekseli ikiwa inaning'inia. Zishikishe tu, inua ekseli kwa jeki hadi ibebe uzito wa gari, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa chini, raba itajisokota gari linaposhuka na kuchanika mapema.

Gari ambalo springi yake imezungushwa kwenye shokabsoba, kama saluni nyingi za Corolla za miaka ya 1990, ni habari nyingine. Nati ya juu katikati haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, kwa sababu ikifyatuka huweza kuua. Mpe fundi mwenye kifaa hicho.

Kuhusu kuinua kimo, vipande vya raba vinavyopachikwa kati ya mizunguko ni rahisi na vimeenea, nami sivipendi: huziba mizunguko michache, na kazi yote huangukia iliyobaki mpaka ikatike. Spesa inayokaa juu au chini ya springi ni afadhali, mradi ujue inainua bodi tu, haiongezi uwezo wa kubeba. Springi iliyochomwa moto ili inyooshwe imepoteza ugumu wake, itupe.

Mimi ningeishia sentimita mbili au tatu. Zaidi ya hapo shokabsoba hufikia mwisho wake kwenye kila tuta, paipu ya breki hukaza, na ile fimbo ya mlalo huivuta ekseli upande mmoja. Baadhi ya gari za mizigo zina vali inayosoma kimo cha nyuma ili kugawa nguvu ya breki. Ukiinua bodi, vali hudhani gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu hata ukiwa umejaza. Fundi airekebishe kabla hujateremka na mzigo.

Malizia kwa taa. Nyuma ikipanda, mwanga wa mbele hushuka, na katika ukungu wa alfajiri utaona mita chache tu. Zirekebishwe mbele ya ukuta, gari likiwa na mzigo wa kawaida. Baada ya kilomita mia chache pima tena, kwa kuwa springi mpya hushuka kidogo, na upitishe spana kwenye bolti zote ulizofungua.