Soma Jina Dogo Kwenye Pakiti

Siku ya kupandikiza mpunga ikiisha, mgongo umekaza. Hapa kwetu Igawa maduka ya dawa yako kando ya barabara kuu, hayako mbali: "Dada, naomba Diclopar." Jioni kichwa kinagonga, mtoto anatumwa Panadol. Kesho yake mafua, vinaongezwa vidonge vya mafua. Kwa mgonjwa hizo ni dawa tatu, moja ya mgongo, moja ya kichwa, moja ya mafua.

Sasa geuza pakiti usome maandishi madogo. Diclopar ina diklofenaki na parasetamoli miligramu 500. Kidonge cha Panadol ni parasetamoli hiyohiyo, miligramu 500. Vidonge vingi vya mafua navyo vimewekewa parasetamoli. Mtu mzima asizidishe miligramu 4,000 kwa saa 24. Diclopar moja mara tatu ni 1,500, Panadol mbili mbili mara tatu ni 3,000. Tayari 4,500, na za mafua bado hatujazihesabu. Ini ndilo linaloumia, na siku ya kwanza mtu anaweza asihisi lolote. Macho kuwa ya njano huja baadaye. Panadol tumeizoea mno, hata mtu akiulizwa kwenye kituo cha afya ametumia dawa gani, hujibu hajatumia kitu. Tafadhali itaje.

Jina pia hutia hofu, au dharau. Mwaka 2001 Tanzania ilipoacha klorokwini na kuanza kutibu malaria kwa SP, dawa yenye salfa, habari za watu kubabuka ngozi zilienea, na wengi wakaiogopa. Madhara hayo yapo, ingawa ni nadra, na chanzo chake ni salfa. Cha kusikitisha ni kwamba mtu anayeikimbia SP humeza Septrin bila wasiwasi, nayo ina salfa. Kama salfa iliwahi kukudhuru, sema hivyo kila unapotibiwa, dawa iwe na jina lolote. Leo SP hupewa wajawazito kuwakinga na malaria. Mama anayetumia Septrin kila siku haongezewi SP, kwa hiyo amweleze mhudumu wa kliniki.

Dawa ya mseto ya malaria nayo wapo wanaoidharau, wakaenda kununua Coartem kwa bei kubwa wakiamini ni kali zaidi. Zote mbili ni artemeta na lumefantrini, kwa vipimo vilevile. Kinachoponya ni kumaliza dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, baada ya kupimwa na kukutwa na malaria.

Ukienda dukani au kituoni, beba pakiti za dawa zote unazotumia, hata zilizobaki nusu, na umuulize muuzaji: "Ndani yake kuna nini?" Diklofenaki usinunue ukiwa mjamzito au una vidonda vya tumbo. Na ukigundua umezidisha parasetamoli, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama unajisikia mzima.