Injini Ikiwa Nje ya Lori

Swali: Injini ya lori langu la dizeli, libebalo vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu, imeshushwa kwa matengenezo. Je, kuna kazi nyingine ifaayo kufanywa kabla haijarudishwa?

Jibu: Maadamu gharama ya kuishusha umekwisha kuibeba, bwana, ni israfu kuirudisha pamoja na klachi kuukuu; badilisha pleti, presha na beringi yake kwa pamoja, kisha uitazame flaiwili, na ukiona madoa ya samawati yaliyoachwa na joto, ambayo aghalabu huletwa na dereva anayeikanyaga klachi nusunusu mlimani, mpe fundi wa mashine aisawazishe. Sili ya nyuma ya krankishafti bei yake ni haba, lakini ikija kuvuja baadaye huna budi kuishusha giaboksi nzima. Ibadilishe hata kama haijatoa tone. Raba za kushikilia injini na mipira ya maji, vivyo hivyo. Rejeta ioshwe kwa maji yapitishwayo kutoka upande wa injini, kwani vumbi jekundu la Karatu, likikutana na oili, huganda matunduni mwake. Ama pampu ya dizeli, ikiwa haina dosari, usiiguse, japo fundi atakushawishi sana.