Chaki, Pole na PF90: Nilivyogongana na Bodaboda Sangasanga

Huu ni mwaka wangu wa sita Morogoro, na pasipoti yangu bado ni ya Kenya. Jamaa wa kwetu wanaohamia huku huniuliza kuhusu ajali na faini za barabarani, nami kila mara huahidi kuwaandikia hatua tatu. Haya, leo ninaandika. Habari za kufunga mkanda na kutembea na leseni na nakala ya kibali cha ukaazi mnazijua, sizirudii.

Jumamosi moja nilitoka mjini kwenda Mgeta kuchukua karoti na njegere. Ukifika Sangasanga unaiacha barabara ya Iringa, unakata kushoto kuelekea milima ya Uluguru. Niliwasha indiketa, nikapunguza mwendo, nikaanza kukata. Pua ya gari ilikuwa imeshaingia niliposikia kishindo. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akienda Melela na kreti mbili za soda alikuwa amejipenyeza kati yangu na ukingo wa lami. Taa yangu ya kushoto ikavunjika, chupa zikatapakaa, naye akakaa chini ameshika goti.

Nakuru nilikokulia tuliambiwa ukigongana usiseme neno la kujishusha, utakuwa umekiri kosa. Kwa hiyo nilishuka nimekaza uso: "Wewe ulikuwa unapita wapi?" Kabla hajajibu, bodaboda wenzake walikuwa wameshanizunguka na sauti zinapanda. Aliyeniokoa ni mama muuza ndizi. "Baba, mpe pole mwenzio kwanza. Hayo mengine yatafuata." Nikampa pole, nikamsaidia kunyanyuka, nikamuuliza kama anaweza kukunja mguu. Zogo likapungua palepale. Pole ya huku haitaji mkosaji ni nani, inaonyesha tu kwamba umemwona mtu ameumia. Basi hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Pikipiki ilikuwa inavuja petroli, na mama huyohuyo akapaza sauti watu wasogee, mwenye sigara aizime. Hakuna aliyebisha. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu, hapa Morogoro, na watu wakakimbilia kuchota. Moto ulipolipuka walikufa zaidi ya 100. Mji huu haujasahau.

Sasa njooni kwenye hatua ya pili, chaki.

Nyuma yangu malori ya Tunduma yalikuwa yamepanga foleni, na konda wa basi moja la Iringa alikuwa akiniuliza, kwa adabu zote, kama barabara ni ya marehemu babu yangu. Kila mtu alitaka nitoe gari. Nilijua nikilitoa tu, ushahidi wangu umekwenda nalo, maana vijana walikuwa wameshaanza kusema nilikata ghafla bila indiketa. Mimi ni mwalimu, na mfukoni mwa shati langu vipande vya chaki havikosekani. Nikachora kona pembeni ya kila tairi, nikaandika namba, moja hadi nne. Nikazungushia duara vioo vya taa vilipodondokea. Alama ya breki ya pikipiki nikaichora mwanzo wake na mwisho wake.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo najisifia: pikipiki sikuichora. Nilimpa chaki rafiki yake, yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, nikamwambia, "Kaka, chora wewe ilipolalia, mimi nisije nikakosea." Akachora kwa uangalifu wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya serikali. Nikamuuliza kijana mbele ya watu wote, "Ni hapa?" Akasema, "Ni hapa." Nikapima kutoka tairi la kwanza hadi nguzo ya umeme, kisigino kwa kidole, nyayo ishirini na tatu. Nikapiga picha, chaki ikionekana, nguzo ikionekana. Ndipo nikasogeza gari, na konda akapita akinipungia mkono.

Trafiki alifika baada ya saa nzima. "Nani amechora hapa?" Tukajibu karibu kwa pamoja, "Sisi, afande." Akacheka, akatoa futi yake, akachora mchoro wa ajali akifuata mistari yetu. Tairi langu la mbele lilikuwa tayari ndani ya barabara ya Mgeta. Kijana alipita kushoto kwa gari linalokata kushoto. Hapakuwa na ubishi tena. (Kwenye barabara ya vumbi omba majivu jikoni kwa mtu. Mvua ikinyesha, umekwisha.)

Kisha afande akachungulia ndani ya gari langu, akakuta mtungi wa kuzimia moto umepitwa na muda. Shilingi 30,000. Mtungi haukumgonga mtu! Nililipa kwa simu siku ileile kwa namba ya malipo niliyopewa, lakini roho bado inaniuma. Na nyie mnaonunua gari la mtu, ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi kabla ya kutoa hela. Mimi nilirithi madeni mawili ya tochi ya kupima mwendo.

Kituoni lugha iliniangusha. Niliomba namba ya OB, ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, wakaniambia huku ni RB. Nikaulizia P3, fomu ya matibabu ya majeruhi, kumbe ni PF3. Niliposema "abstract", kama tunavyoiita ripoti ya polisi kwetu, askari wa kaunta alinitazama kama niliyemtusi. Nilichohitaji kwa bima ni PF90, ripoti ya polisi kuhusu ajali, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa gari, ambayo huipati mpaka mkaguzi alione gari lenyewe.

Bima nayo! Wakala mmoja, jina lake nalimeza, alinichangamkia, akanipa kalenda na kunihakikishia nina bima kubwa. Nilipoangalia stika yangu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, nikakuta ni bima ndogo, ya kumlipa mtu wa tatu tu. Taa ikawa yangu mwenyewe. Kalenda niliitupa mwezi wa pili. Angalieni stika siku mnayolipa, mkiwa bado mbele ya meza yake.

Jumatatu nilimsubiri baba wa kijana tumalizane. Akaja mjomba. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli. Nilimwamkia shikamoo, tukaongea kwanza bei ya karoti. Tukaandikiana mbele ya askari: kila mtu na chombo chake, mimi nichangie nusu ya matibabu ya goti, soda azibebe kijana. Tulitia saini nakala mbili, yangu ninayo hadi leo.

Hatua ya tatu nimeisahau. Taa niliyofunga ni ya mtumba na inawaka njano kuliko mwenzake. Aliye Kihonda au Msamvu na taa ya kushoto ya Toyota IST kama yangu, ya asili, aniandikie.