Kupima Kazi ya Watunga Programu

Takwimu za zahanati za Bukoba na Muleba huhifadhiwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Muuguzi akiomba fomu irekebishwe, atangoja muda gani? Wingi wa mistari waliyoandika watunga programu hautujibu. Rekebisho zuri huweza hata kuipunguza. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni ifaayo, iwapo maombi yaingiayo yanalingana na yanayokamilika:

Muda wa kungoja = maombi yasiyokamilika ÷ maombi yanayokamilika kwa wiki.

Kwa mfano, kikundi chenye maombi 12, kikikamilisha 3 kwa wiki, humngojesha muuguzi wiki 4 kwa wastani. Kikiyaondoa 6 yasiyo ya lazima, atangoja 2.

Zoezi: Maombi ni 20. Yakamilishwe mangapi kwa wiki ili muuguzi asingoje zaidi ya wiki 2?